Mnyororo Unafungwa Wapi? Uchambuzi wa Mvuto na Lifti ya Trekta

Trekta likibinuka na kumlalia dereva, watu husema alikuwa mwendo kasi, au husema ni bahati mbaya. Ukiifuatilia mashine yenyewe, kauli zote mbili hazisimami. Trekta linalobinuka kinyumenyume kwa kawaida huwa kwenye gia ndogo, likienda polepole kuliko mtu atembeaye kwa miguu, na mara nyingi huwa halijasogea hata mita moja tangu dereva aachie klachi. Bahati nayo haihusiki, kwa kuwa chanzo cha tukio hilo kinaweza kukokotolewa kwenye karatasi kabla injini haijawashwa. Hoja ya makala haya ni kwamba kifaa kikuu cha usalama kwenye trekta ni ile sehemu ya nyuma ambapo mzigo unafungwa, pamoja na nyenzo zinazoitawala, na kwamba madereva wetu wengi wamefundishwa kuziona nyenzo hizo kama vifaa vya kulimia tu. Jinsi sehemu hiyo ilivyobuniwa inaonyesha kuwa tatizo la kubinuka wakati wa kulima lilikwisha kupatiwa jawabu zaidi ya miaka 80 iliyopita. Tunalirudisha wenyewe kila tunapofunga mnyororo mahali pasipostahili.

Tuanze na nguvu zenyewe. Injini huzungusha ekseli ya nyuma, na ekseli huyazungusha magurudumu. Ekseli inapoyasukuma magurudumu yaende mbele, nayo huisukuma chasi izunguke upande wa pili, yaani pua ya trekta ipande juu. Kwa kawaida magurudumu hukubali kuzunguka kabla chasi haijanyanyuka, basi trekta linakwenda. Lakini magurudumu yakizuiwa, yawe yamezama kwenye tope la udongo mweusi au yamewekewa gogo ili yasiteleze, nguvu ya injini haina pengine pa kwenda isipokuwa kuizungusha chasi kwenye ekseli. Trekta linaloendeshwa kwa magurudumu mawili hubeba nyuma takribani theluthi mbili ya uzito wake, na kitovu cha uzito wote kipo kama sentimita 60 mbele ya ekseli ya nyuma na sentimita 25 juu yake. Hiyo ndiyo akiba yote aliyonayo dereva. Pua ikipanda hadi kitovu hicho kikavuka juu ya ekseli kuelekea nyuma, uzito uliokuwa ukiishikilia chini unageuka kuwa uzito unaolivuta trekta chali.

Mashine iliyoonyesha hatari hii kwa uwazi kuliko zote ni Fordson ya Henry Ford, iliyoanza kutoka kiwandani Dearborn, Michigan, mwezi Oktoba 1917, wakati Uingereza ikihangaika kulima chakula katikati ya vita. Lilikuwa trekta dogo la bei nafuu, lenye uzito wa takribani kilo 1,200 na nguvu ya farasi 20, na liliuzwa kwa malaki. Plau ilikokotwa nyuma yake vilevile ilivyokuwa ikikokotwa na farasi. Plau ilipogonga mwamba au mzizi, mzigo ulisimama ghafla, magurudumu ya chuma yenye meno yaling'ang'ania ardhi, na pua ikapanda. Madereva wengi walikufa hivyo, kiasi kwamba miaka michache baadaye trekta hilo liliwekewa mabawa marefu ya nyuma yenye visanduku vya vifaa mwishoni, ili yaguse ardhi kabla halijalala chali. Hatua hiyo ilikubali kwamba trekta litabinuka, ikajaribu kulidaka njiani. Chanzo chenyewe, yaani namna plau ilivyofungwa, kilibaki palepale.

Harry Ferguson wa County Down, Ireland, ndiye aliyekigusa chanzo. Alikuwa fundi ambaye mwaka 1909 alikwisha kuirusha ndege aliyoiunda mwenyewe, na wakati wa vita hivyo alipewa kazi ya kuangalia jinsi matrekta yalivyokuwa yakitumika mashambani Ireland. Yeye na fundi mwenzake, Willie Sands, waliamua kuwa plau na trekta vinapaswa kufungwa viwe mashine moja. Baada ya majaribio ya miaka mingi walifika kwenye mikono mitatu ambayo leo ipo nyuma ya karibu kila trekta duniani: miwili chini, mmoja juu. Mikono ya chini huvuta. Mkono wa juu, ambao mtu asiyeujua hudhani nao unavuta, kwa kawaida husukuma plau ikiwa ardhini. Udongo unaizuia plau kwa chini, plau inataka kuangukia mbele, na mkono wa juu unaupokea msukumo huo na kuupeleka kwenye chasi juu ya ekseli, mahali ambapo unaikandamiza pua chini. Ukichora mistari ya mikono hiyo na kuirefusha kuelekea mbele, inakutana karibu na ekseli ya mbele. Trekta hulima kana kwamba plau imefungwa hapo, mahali ambapo hakuna mnyororo unaoweza kufika, na ndiyo maana plau haiwezi tena kuinyanyua pua.

Kazi haikuishia kwenye mikono. Msukumo ule wa mkono wa juu Ferguson aliupitisha kwenye springi, na springi akaiunganisha na vali ya haidroliki. Udongo ukiwa mgumu springi hubanwa, vali hufunguka, lifti huinyanyua plau kidogo, na sehemu ya uzito wa plau huhamia kwenye magurudumu ya nyuma wakati uleule yanapohitaji kushika ardhi. Udongo ukilainika, plau inarudi chini yenyewe. Sehemu ambayo mimi naiona kuwa ya kipaji zaidi ni hii: plau ikigonga mwamba, springi hubanwa kupita kiasi, vali huachia presha, uzito uliokuwa umehamia nyuma hutoweka, na magurudumu yanateleza badala ya kung'ang'ania. Hali ileile iliyomuua dereva wa Fordson inamwachia dereva huyu tairi zinazozunguka bure na muda wa kukanyaga klachi. Hataza ya mfumo huo ilitolewa mwaka 1926. Mwaka 1938 Ferguson alipatana na Henry Ford kwa kupeana mkono tu, na mwaka uliofuata likatoka trekta la Ford 9N. Baada ya vita vya pili vya dunia, kiwanda cha Coventry kilitengeneza zaidi ya matrekta 500,000 ya Ferguson TE20 kati ya mwaka 1946 na 1956. Massey Ferguson 135, 240 na 290 tunazozijua mashambani Tanzania na Kenya ni wajukuu wa moja kwa moja wa mashine hizo, na hata matrekta ya India na ya Poland yaliyoingia kwetu baadaye yana mikono mitatu hiyohiyo.

Sasa tazama kinachotokea mnyororo unapofungwa juu. Tuchukue trekta la kilo 2,000, lenye mita 2 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambalo likisimama tambarare hukandamiza ardhi kwa kilo 700 mbele na kilo 1,300 nyuma. Linavuta gogo linalohitaji mvuto wa kilo 900. Zidisha mvuto kwa kimo cha mahali ulipofungwa, gawa kwa umbali kati ya ekseli, na utapata uzito unaoondoka mbele. Mnyororo ukiwa kwenye drobaa, kile chuma kinene cha kuvutia kilicho chini kabisa nyuma ya trekta, kwa kimo cha sentimita 40, zinaondoka kilo 180. Ukifungwa kwenye kishikizo cha mkono wa juu, kwa kimo cha sentimita 90, zinaondoka kilo 405. Penye tambarare pua itabaki chini kwa vyote viwili, na hapo ndipo dereva anapojifunza somo baya kwamba hakuna tofauti. Mpeleke huyo huyo kwenye mwinuko wa nyuzi 15, kitovu cha uzito kikiwa kimo cha sentimita 85. Mwinuko peke yake, bila mzigo wowote, umeshapunguza zile kilo 700 hadi karibu 455. Toa 180, zinabaki 275. Toa 405, zinabaki 50. Na hesabu hii ni ya mvuto uliotulia. Klachi ikiachiwa ghafla huku mnyororo umelegea, mshtuko wa kukazwa kwake unazidi sana mvuto wa kawaida, na kilo 50 hazitoshi kuushikilia.

Kuna tofauti nyingine ambayo hesabu hiyo haikuionyesha. Pua inapoanza kupanda, drobaa huteremka kwa sababu ipo nyuma na chini ya ekseli. Kimo cha mvuto kinapungua, na nguvu yake ya kubinua inapungua pamoja nacho. Sehemu iliyo juu ya ekseli haina msaada huo, itaendelea kubinua hadi mwisho. Ndiyo maana kufunga mnyororo kwenye chuma kinachounganisha mikono miwili ya chini ni hatari ambayo wengi hawaitambui. Mikono ikiwa chini, chuma hicho hakionekani kuwa na ubaya wowote. Lakini lifti ikiinuliwa, iwe kwa makusudi ili gogo lisikwaruze ardhi au kwa kugusa wenzo bila kukusudia, sehemu ya kuvutia inapanda hadi kufikia na hata kupita kimo cha ekseli, huku mzigo ukiwa tayari umekaza.

Watajibu wanaovuta tela la miwa lililokwama au lori lililozama kwamba kufunga juu kunasaidia, kwa kuwa trekta linashika ardhi vizuri zaidi. Wanasema kweli, na nadhani ukweli huo ndio unaoidumisha tabia hii. Uzito unaoondoka mbele hauendi popote isipokuwa kwenye magurudumu ya nyuma, na magurudumu yenye uzito zaidi huvuta zaidi. Kosa lipo kwenye mahali unapokopwa uzito huo: unakopwa kwenye kitu pekee kinachoizuia pua isipande. Ferguson alikuwa na hitaji lilelile la kushika ardhi, akalitimiza kwa kuhamisha uzito wa plau. Asiye na plau ya kuhamisha anaweza kujaza maji kwenye tairi za nyuma hadi robo tatu, kufunga vyuma vya uzito kwenye magurudumu na mbele ya pua, au kupunguza mzigo na kuuvuta kwa awamu. Magurudumu yakiteleza kati ya asilimia 10 na 15 yakiwa shambani, hakuna tatizo la kutatuliwa. Huko ndiko kuvuta kwenyewe. Yakizunguka bure kabisa, kuongeza moto kunachimba shimo, na shimo hilo ndilo linaloyazuia magurudumu kwa namna niliyoieleza mwanzo. Hapo njia salama ya kwanza ni kujaribu kutoka kwa gia ya nyuma, maana trekta likirudi nyuma nguvu ya ekseli huikandamiza pua chini.

Loki ya difu ni sehemu ya mjadala huu, ingawa kwa kawaida hutajwa peke yake. Gurudumu moja likiteleza na jingine likiwa limeshika, difu hulipa lile linaloteleza mzunguko wote, na trekta linasimama. Loki inayafunga yote mawili yazunguke pamoja. Ikanyagwe kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka kwa tofauti kubwa, na iachiwe kabla ya kukata kona, la sivyo trekta litakwenda moja kwa moja hata usukani ukizungushwa hadi mwisho. Kwenye ukingo wa mfereji wa mashamba ya mpunga hilo linatosha kulipindua ubavu. Pedali mbili za breki nazo zimetenganishwa ili dereva akate kona kali shambani kwa kufunga gurudumu moja. Zina komeo la kuziunganisha, na komeo hilo lazima lifungwe kabla ya kuingia barabarani. Mguu ukitua kwenye pedali moja huku tela lenye tani kadhaa likisukuma kwa nyuma, trekta linageuka papo hapo.

Turudi kwenye nyenzo za lifti zilizo kando ya kiti, kwa sababu huko ndiko nadharia yote inapoishia mkononi mwa mtu. TE20 ilikuwa na wenzo mmoja, wa mvuto. Matrekta yaliyokuja baadaye yana nyenzo mbili: wenzo wa mvuto, unaoitii springi niliyoieleza, na wa kimo, unaoishikilia mikono mahali dereva alipoiweka. Plau inayokata na kupindua udongo inatakiwa itumiwe kwa wenzo wa mvuto. Mashine ya kupandia, bomba la kunyunyizia dawa na kisanduku cha kubebea mizigo ni kazi ya wenzo wa kimo. Kuna kanuni moja ambayo vitabu vya watengenezaji huirudia na mashambani hupuuzwa: wakati wa kufunga zana, tumia wenzo wa kimo peke yake. Ukitumia wa mvuto bila mzigo ardhini, springi haina kitu cha kuhisi, na mguso mdogo unaweza kuirusha mikono juu kwa nguvu yote ya haidroliki. Mtu wa kwanza kuumia huwa ni utingo, aliyeinama kati ya gurudumu la nyuma na plau, mkono mmoja umeshika pini na mwingine unalenga tundu. Utaratibu uliowekwa tangu zamani za Ferguson una sababu: mkono wa kushoto kwanza, kwa kuwa hauna mpini wa kurekebisha, kisha wa kulia, unaopandishwa na kushushwa kwa mpini hadi tundu likutane na pini, mwisho wa juu. Kufungua ni kinyume chake. Trekta huwa limesimama, breki ya mkono imevutwa, gia ipo huru, na hakuna mtu anayeugusa wenzo akiwa amesimama chini. Ukifuata mpango huo, hakuna hatua hata moja ambapo utingo analazimika kuwa nyuma ya trekta linalotembea.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hulimwa kwa plau ya diski, na diski haijivuti kwenda chini kama jembe la plau ya kawaida. Inazama kwa uzito wake. Springi ya mkono wa juu haipati msukumo wa kutegemewa, na madereva wengi huuacha wenzo wa mvuto usifanye kazi. Je, hoja yote ya Ferguson haitugusi? Inatugusa, kwa upande mwingine. Faida ya pua kukandamizwa inapungua, huku plau ya diski yenyewe ikiwa chuma kizito cha mamia ya kilo kinachoning'inia nyuma ya ekseli kila lifti inapoinuliwa mwisho wa mstari. Kipimo kinachokubalika ni kwamba magurudumu ya mbele yasibebe chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta zana ikiwa juu. Mwenye diski anahitaji vyuma vya mbele kuliko mwenye plau ya kawaida, na vyuma hivyo mara nyingi ndivyo vilivyokwisha kuuzwa kama chuma chakavu.

Lipo pingamizi la tatu, kwamba fremu ya kumkinga dereva inamaliza mjadala. Uswidi ililazimisha matrekta mapya yawe na fremu hiyo tangu mwaka 1959, na katika miongo iliyofuata vifo vya kupinduka huko vilipungua hadi karibu kutoweka. Ushahidi huo sina la kuupinga. Trekta lenye fremu na mkanda uliofungwa ni trekta bora, na anayeikata fremu ili apite chini ya matawi ya miembe anafanya kosa kubwa. Lakini fremu hufanya kazi baada ya trekta kubinuka, haimsaidii utingo aliyebanwa na plau, na haipo kwenye matrekta mengi ya zamani yanayoendelea kulima. Vivyo hivyo kwa wanaotegemea uzoefu wa dereva. Tangu pua ianze kupanda hadi pasiporudi ni takribani robo tatu ya sekunde. Chini ya sekunde mbili trekta limelala chali. Mtu mwenye akili timamu na mguu mwepesi hutumia karibu muda wote huo kutambua tu kinachotokea. Uzoefu wa dereva una thamani yake kabla ya klachi kuachiwa, anapochagua pa kufunga.

Ndiyo maana mafunzo yetu yanapaswa kuanzia nyuma ya trekta, siyo kwenye usukani. Vyuo vya ufundi na wakufunzi wa vyama vya ushirika wampime mwanafunzi kwa kufunga zana, kutofautisha nyenzo mbili za lifti na kueleza kwa maneno yake kwa nini drobaa ipo chini, kabla hajaruhusiwa kwenda mstari mmoja shambani. Mwenye trekta ahakikishe drobaa ina pini yake halisi yenye kufuli, kwa maana drobaa isiyo na pini ndiyo inayompeleka dereva kutafuta pengine pa kufunga. Na wewe unayeajiri dereva msimu huu, mpe mnyororo na gogo kabla ya kumpa ufunguo, usimame kando, uangalie anaufunga wapi. Akiufunga mahali palipo juu kuliko drobaa, usimwajiri mpaka afundishwe.